Chaja ya gari la umeme nyumbani: tukague viungo kabla havijaungua

fundi_kigamboni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Magari ya umeme yameanza kuzoeleka mitaani, hasa Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani na sasa haya mapya ya Kichina. Mimi ni fundi umeme, nafanya kazi za majumbani hapa Dar, na siku hizi simu nyingi ninazopigiwa ni za chaja. Mmoja gari limekataa chaji, mwingine breka ya umeme, ile swichi inayokata umeme mkondo ukizidi, inaanguka (inajikata) usiku wa manane, mwingine soketi inanuka. Nikifika, mara nyingi nakuta gari ni zima na chaja ni nzima. Ubovu uko kwenye viungo: waya ulipobanwa na skrubu, plagi ilipoingia kwenye soketi, waya mmoja ulipounganishwa na mwenzake juu ya dari.

Nimefungua uzi huu kwa sababu watu wanapeleka gari sevisi, wanalipia bima, lakini chaja ikishafungwa ukutani hakuna anayeigusa tena mpaka siku itoe moshi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Joto kwenye kiungo ni mkondo (ampea) zidisha mkondo zidisha ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita. Chukua kiungo kilicholegea kidogo tu, chenye ukinzani wa omu 0.05. Ukichomeka pasi ya wati 1000 inavuta kama ampea 4.3, na kiungo kinatoa joto lisilofika hata wati 1. Hutaligundua maisha yako yote. Sasa funga chaja ya kilowati 7 kwenye laini hiyohiyo, ivute ampea 32. Kiungo kilekile kinatoa wati 51. Pasi ya kulehemu ya fundi redio ina wati 40 au 60, kwa hiyo ni kama umeiacha inawaka ndani ya boksi la plastiki lililofungwa, na wewe umelala.

Tena pasi ya nguo inawaka na kujizima yenyewe, na jagi la kuchemsha maji linamaliza kazi kwa dakika chache. Gari halipumziki. Linavuta kiwango kilekile saa sita, saa nane, mpaka betri ijae. Soketi nyingi za majumbani hazijawahi kubebeshwa mzigo wa namna hiyo tangu zifungwe.

Na hapa wengi wanajidanganya: breka haikulindi na joto hili. Breka inaangalia mkondo umezidi au haujazidi, na mkondo ni ule wa kawaida. RCD, kile kifaa cha kumkinga mtu asipigwe na umeme, inaangalia umeme unaovuja, na hapo hakuna kinachovuja. Plastiki inaweza kuyeyuka huku breka zote ziko juu na chaja inawaka taa ya kijani.

Kila usiku kiungo kinapata joto na kutanuka, asubuhi kinapoa na kusinyaa. Skrubu inalegea kidogo kidogo, shaba inashika kutu, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Ndiyo maana kazi iliyofungwa vizuri mwaka jana inaweza kuharibika bila mtu kuigusa.

Ninachokuta zaidi ninapofungua mifuniko ni waya wa nyuzi nyuzi uliochovywa risasi ya kulehemu kwenye ncha kabla ya kubanwa. Mafundi wengi wanafanya hivyo kwa nia njema, wanaona ncha imekuwa ngumu na nzuri. Risasi ni laini. Ikikaa chini ya skrubu kwa muda mrefu, hasa penye joto, inasogea polepole na kupungua unene, mwisho skrubu haina cha kubana. Ncha ya nyuzi nyuzi inavishwa kikofia cha shaba cha saizi yake na kubanwa kwa koleo maalumu. Vikofia vinauzwa kwa pakiti Kariakoo, bei yake haimshindi mtu mwenye gari.

Kingine ni skrubu kuuma ganda la waya badala ya shaba. Kuna boksi nililifungua Mbezi, waya wa nyutro ulikuwa umegeuka kahawia kwa urefu wa kidole na ganda limekauka, ukiligusa linapukutika kama unga. Skrubu niliizungusha kwa vidole, bila bisibisi. Ukimulika tochi unaiona alama ya skrubu juu ya plastiki, shaba imeguswa ubavu tu. Familia ile walikuwa wanasikia harufu ya samaki kila usiku wakadhani inatoka kwa jirani. Plastiki ya vifaa vya umeme ikizidiwa joto mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki. Ukiisikia karibu na soketi au kisanduku cha breka na hakuna anayepika samaki, zima.

Halafu kuna vile viungo vya dari: waya umesokotwa na mwenzake ukazungushiwa tepu. Kwa taa vinaweza kukaa miaka. Kwa chaja, hapana. Laini ya chaja itoke kwenye kisanduku cha breka moja kwa moja mpaka kwenye chaja, peke yake, waya mzima usio na kiungo katikati. Ampea 32 ni waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kwa kuanzia, na kama geti liko mbali au waya unapita sehemu yenye joto kali, weka 10. Kabla ya kununua kwangua ncha kwa kisu. Kuna waya sokoni zilizopakwa shaba juu na ndani ni aluminiamu nyeupe. Hizo hazifai kabisa kwa kazi hii.

Neno kwa wenye Leaf za Japani. Kebo inayokuja na gari imeandikwa volti 200, ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Watu wanaikata na kufunga plagi ya miguu mitatu ya ampea 13. Hapo umeweka mkondo wa 14 au 15 kwenye plagi ya 13, usiku kucha, na umeme wetu ni volti 230 wakati kisanduku kimeandikwa 200. Tafuta kebo iliyotengenezwa kwa volti 230. Zile zinazokuja na plagi ya miguu mitatu nyingi zimewekewa ukomo wa ampea 10, na watengenezaji walikuwa na sababu. Ukitaka kasi zaidi, fungiwa soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16 kwenye laini yake, au chaja ya ukutani.

Sasa mwenye nyumba afanye nini? Mara moja kwa mwezi, gari likiwa limechaji kama saa moja, pitisha mgongo wa mkono kwenye plagi, soketi, kichwa cha kebo kinapoingia kwenye gari, na mfuniko wa chaja. Uvuguvugu ni kawaida. Mahali ambapo huwezi kuacha mkono ukatulia, simamisha chaji. Angalia rangi: plastiki nyeupe iliyoanza kuwa ya njano au kahawia kuzunguka tundu imeshaungua ndani. Mulika pini za kichwa cha kebo, ziwe zinang'aa na rangi moja. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu ukiwa umezima. Usipulizie mafuta ya aina yoyote kwenye pini, na usiielekezee chaja ile mashine ya kuoshea magari hata kama imeandikwa inastahimili mvua.

Na unapotaka kuchomoa, simamisha chaji kwanza kwenye gari au kwenye chaja, ndipo uvute. Kuna mtu anachomoa plagi ya ukutani gari likiwa bado linavuta. Kila akifanya hivyo cheche inakula pini na soketi, na pini iliyoliwa ndiyo inayopata moto kesho.

Kufungua mifuniko na kukaza skrubu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, mara moja kwa mwaka. Azime, afunge breka mtu asiiwashe, athibitishe kwa kipimo kwamba hakuna umeme, ndipo aguse. Akaze kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu kulingana na namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya chaja na ubavuni mwa breka. Kukaza mpaka mkono uume nako kunakata nyuzi na kupasua kifaa. Akimaliza apime ethi (njia ya umeme kwenda ardhini), apime muda wa RCD kukata, na kama ana kamera ya joto apige picha gari likiwa linachaji.

Karibuni kwa maswali. Mwenye picha aweke.

---

Mama Nasra

Asante sana fundi, umenigusa. Sisi tunatumia ile kebo ya plagi ya kawaida, lakini soketi iko sebuleni na gari linalala getini, kwa hiyo tunapitisha eksitensheni dirishani. Plagi inapata moto kiasi, na eksitensheni ile ya kuzungusha kwenye gurudumu pia. Baba Nasra anasema ni kawaida. Ni kawaida kweli?

---

fundi_kigamboni

Mama Nasra, heshima yako. Hapana, hiyo siyo kawaida, na leo usiku naomba msichaji kwa njia hiyo.

Eksitensheni ya gurudumu ikiwa imezungushwa, joto la waya halina pa kutokea. Ndiyo maana zenyewe huandikwa wati mbili tofauti, moja ikiwa imekunjuliwa yote na nyingine, ndogo zaidi, ikiwa imekunjwa. Soma kibandiko chake utaona. Halafu kwa eksitensheni viungo vya plagi vinakuwa viwili badala ya kimoja: plagi yake ukutani na plagi ya gari ndani yake.

Dirisha likifungwa juu ya waya kila siku, ganda linachubuka mahali pamoja. Mvua ikinyesha, kile kiungo cha nje kinakaa kwenye maji.

Suluhisho lenu siyo ghali kama mnavyodhani. Fundi avute laini moja kutoka kwenye kisanduku cha breka mpaka getini, ndani ya bomba, awafungie soketi ya nje yenye mfuniko au ile ya bluu. Na hiyo ya sebuleni mwambie aibadilishe hata kama haijabadilika rangi. Vibati vya ndani vinavyobana miguu ya plagi vikishapata moto sana vinapoteza nguvu ya kubana na havirudi.

Kama lazima gari lichaji kabla ya hapo, lisogezeni karibu na soketi nyingine nzima, kebo iingie moja kwa moja bila eksitensheni, na mshushe mkondo. Magari mengi yana sehemu ya kupunguza ampea kwenye skrini. Ukishusha kutoka 10 hadi 6, joto kwenye kiungo linashuka mpaka karibu theluthi moja.

---

mdau_wa_mbweni

Mkuu fundi, nina swali. Nina chaja ya ukutani kilowati 7. Breka ya 32 ilikuwa inaanguka baada ya kama saa mbili za kuchaji. Fundi aliyenifungia akaja akaweka ya 63, sasa haianguki tena. Nimesoma huu uzi nimepata wasiwasi. Yuko sahihi?

---

fundi_kigamboni

Mkuu, umeondolewa ulinzi. Waya wako kama ni wa milimita 6 hauwezi kulindwa na breka ya 63. Siku kitu kikiharibika waya ndio utakaoungua ndani ya ukuta, breka ikiwa juu.

Breka kuanguka baada ya saa mbili, wala siyo palepale, inatuambia jambo. Ndani ya breka kuna kibati kinachojipinda kikipata joto. Joto hilo linatakiwa litokane na mkondo, ila kibati hakijui limetoka wapi. Kwa hiyo kuna sababu mbili za kuangalia. Ya kwanza ni skrubu ya breka yenyewe kulegea: inapika kutoka nje mpaka breka inakata. Mwambie fundi aitoe ile ya zamani mkaitazame, kama miguu yake imebadilika rangi umeshapata jibu. Ya pili ni kisanduku chenyewe. Breka hizi zimepimwa kwa joto la nyuzi 30. Kisanduku chako kikiwa ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, breka zimebanana, ndani kinaweza kuvuka 40, na breka ya 32 inayobeba 32 kamili itaanguka tu.

Kinachofanyika ni kukaza na kusafisha kwanza, kuacha nafasi kati ya breka ya chaja na jirani yake, na kushusha chaja hadi ampea 25 au 28 kwenye mpangilio wake. Utapoteza muda mdogo sana wa kuchaji. Waya ukiwa mnene wa kutosha, fundi anaweza kupiga hesabu akaweka breka ya 40, kama chaja inaruhusu. 63 iondolewe.

---

kinondoni_hadi_bunju

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Nachaji kwa soketi ya kawaida muda mrefu sasa, kebo ya ampea 10, na hakuna kilichotokea. Tusiwatishe watu wakaogopa magari haya, maana tayari wanaogopa betri.

---

fundi_kigamboni

Mkuu, nakubaliana nawe kwamba gari la umeme siyo la kuogopwa. Na kebo ya ampea 10 kwenye soketi nzima, yenye waya mzuri wa milimita 2.5 na skrubu zilizokazwa, inafanya kazi vizuri. Ninachokuomba ni dakika moja tu: usiku wa leo iguse plagi yako baada ya saa moja. Ikiwa vuguvugu, endelea kwa amani. Nina imani itakuwa sawa, lakini ijue kwa mkono wako.

---

bahari_unguja

Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja tuna jambo la chumvi. Nyumba iko karibu na bahari, chaja ipo nje. Fundi alipofungua akakuta shaba ina unga wa kijani, na mijusi wametaga ndani. Yai moja lilikuwa limekaa baina ya terminali mbili. Tufanyeje?

---

fundi_kigamboni

Waalaykum salaam. Pwani yote tunalo hilo, hata Kigamboni.

Mjusi haingii kwa mlango, anaingia pale kebo inapopita. Tundu la kebo lina kibanio chake chenye mpira, na mpira unabana sawasawa kebo ikiwa ya saizi yake. Mafundi wengi wanapitisha kebo nyembamba kwenye tundu kubwa, au nyaya tatu mbalimbali kwenye kibanio cha kebo moja, inabaki nafasi. Hapo anaingia mjusi, sisimizi, na hewa ya bahari. Ule mkanda wa mpira kwenye ukingo wa mfuniko nao uangaliwe kila mfuniko unapofunguliwa, ukikauka unabadilishwa. Kebo ipite kutokea chini ya boksi na ipinde kidogo kabla ya kuingia, maji yadondoke kwenye pindo.

Shaba yenye unga wa kijani haisuguliwi ikarudishwa hivyohivyo. Inakatwa mpaka ufikie shaba inayong'aa, inavishwa kikofia kipya. Kwa pwani mimi nashauri ukaguzi wa fundi uwe kila miezi sita. Boksi lenye IP65, namba ya kuzuia vumbi na maji, linasaidia, ila namba hiyo inahesabika vibanio vikiwa vimefungwa sawasawa.

Na ethi msiisahau. Ile klampu inayoshika waya juu ya fimbo ya ethi iliyozamishwa ardhini inaoza kabla ya fimbo, kwa sababu iko usawa wa udongo na inapata maji ya chumvi na hewa kwa pamoja. Unaiona imekaa, ukiivuta waya unatoka. Gari ni bodi ya chuma juu ya matairi ya mpira: hitilafu ikitokea na ethi haipo, wewe unayegusa mlango umesimama kwenye udongo mbichi ndiye njia ya umeme. Ukinzani wa ethi upimwe kipindi cha kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana ndipo unapokuwa mbaya. Ukizidi omu 200 ongeza fimbo.

---

Mama Nasra

Na ile RCD, kitufe cha T tubonyeze mara ngapi? Yetu haijawahi kubonyezwa.

---

fundi_kigamboni

Kila mwezi, siku ileile unayogusa plagi. Gari lisiwe linachaji. Ukibonyeza ikate palepale. Isipokata, imeshakufa hiyo, ibadilishwe kabla ya kuchaji tena. Ila mjue kitufe kinapima mashine ya ndani tu, hakiwaambii kama ethi ni nzima.

Na tazama uso wake. Ukiona alama ya wimbi moja tu ndani ya kiboksi, hiyo ni aina ya AC, haifai kwa gari. Gari linaweza kuvujisha umeme wa moja kwa moja kama wa betri, na umeme huo unaifanya RCD ya aina hiyo isione hitilafu. Inayotakiwa ni aina A ikiwa chaja yenyewe inagundua uvujaji wa moja kwa moja wa milliampea 6, au aina B ikiwa haigundui. Karatasi ya chaja inasema.

---

dada_wa_houston

Salamu kutoka Texas. Nimefurahi kuona mada hii kwa Kiswahili. Huku tatizo ni lilelile, sura tofauti. Watu wengi wanachaji kwa soketi ya NEMA 14-50, ya volti 240, ampea 50. Zile za bei rahisi zimetengenezwa kwa majiko, na jiko haliwaki saa nane mfululizo kila siku. Zinayeyuka. Mume wangu alipofungua yetu skrubu moja ilikuwa imelegea na waya umeanza kuwa mweusi.

Sheria ya huku inasema mzigo wa saa tatu au zaidi usivuke asilimia 80 ya laini, kwa hiyo laini ya 50 inachaji kwa 40. Kosa lingine la huku: mtu anafunga chaja ya ampea 48 kwa kebo ya Romex namba 6, ile kebo ya kawaida ya majumbani huku. Kebo hiyo inahesabiwa 55, na asilimia 80 yake ni 44. Haitoshi, hata kama breka ya 60 haianguki. Sisi tuliondoa soketi kabisa, chaja ikaunganishwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Kiungo kimoja kimepungua.

---

fundi_kigamboni

Dada, shukrani sana. Hiyo ya kuondoa soketi ndiyo ninayowashauri wote wenye ampea 32. Plagi na soketi ni kiungo kinachochakaa kila kinapochomekwa.

---

stima_rongai

Wakuu, niko Rongai, Kenya. Nina Leaf, nachaji na kebo ya volti 230 kwa ile soketi ya bluu ya ampea 16. Jioni kuanzia saa moja chaja inajizima, usiku wa manane inarudi yenyewe. Fundi wa kwanza amesema ni stima ya mtaa iko chini, hakuna cha kufanya. Nitajuaje kama ni mtaa ama ni nyumba yangu?

---

fundi_kigamboni

Karibu ndugu yangu. Hilo linapimika. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime volti sehemu mbili: kwenye meni swichi na kwenye soketi ya bluu. Apime gari likiwa halichaji, halafu likiwa linachaji, pamoja na ampea linazovuta. Volti zinazopotea kati ya meni swichi na soketi ni za nyumba yako, haziwahusu wa mtaani. Niambie pia waya ni wa milimita ngapi na urefu wake.

---

stima_rongai

Amepima leo mchana. Bila gari, 221 kwa meni swichi na 221 kwa soketi. Gari likichaji, ampea 14, meni swichi ni 216 na soketi ni 197. Waya ni milimita 2.5, kama mita 25.

---

fundi_kigamboni

Sasa tuna kitu cha kushika. Mtaa umekupotezea volti 5 tu. Nyumba yako imepoteza 19.

Waya wa shaba wa milimita 2.5 unapoteza kama milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha na ampea 14 na mita 25, unapata volti 6.3. Hizo ndizo halali. Zinabaki karibu 12.7 ambazo waya mzima hauwezi kuzila. Zidisha na ampea 14: wati 178. Zote hizo zinageuka joto mahali fulani kati ya meni swichi na soketi, kwenye kiungo kimoja au viwili. Jioni mtaa ukishuka kidogo, kebo inaona volti hazitoshi na kujizima, na kwa kweli kujizima huko kumekusaidia.

Usichaji mpaka kipatikane. Aanze kwenye skrubu za breka, kisha soketi, kisha kila boksi la kiungo njiani. Aingie darini.

---

stima_rongai

Tumekipata. Juu ya dari, karibu na tangi la maji, waya wa soketi uliunganishwa na mwingine kwa kusokotwa na tepu. Tepu imeyeyuka yote, na ubao wa dari chini yake umekuwa mweusi upana wa kiganja. Bibi yangu, mama watoto, alipoona amesema hakuna kuchaji hapa tena. Fundi anataka kukata hapo aunganishe upya kwa konekta. Ni sawa?

---

fundi_kigamboni

Mshukuruni Mungu kwa hilo, na mpe pole mama. Ana haki ya kuogopa.

Asiunganishe. Waya uliopata moto kiasi hicho umeharibika kwa urefu kuliko unavyoona. Ganda limekuwa gumu na litapasuka ukilikunja. Vuteni waya mpya kutoka kwenye kisanduku cha breka mpaka kwenye soketi, bila kiungo. Kwa mita 25 weka milimita 4, upotevu utashuka hadi kama volti 3.9. Ubao uliochomeka utolewe, ili siku nyingine mtu akipanda akaona weusi mpya asidhani ni alama ya zamani.

Akimaliza apime tena zile namba mbili gari likiwa linachaji, aziandike na tarehe kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kisanduku cha breka. Mwakani fundi yeyote atakayekuja, hata kama siyo yeye, atapima na kulinganisha kabla ya kufungua skrubu hata moja. Ukipata namba mpya ziweke hapa, nami niko hapa nazisubiri.

---

stima_rongai

Waya wa milimita 4 umevutwa, hakuna kiungo. Meni swichi 216, soketi 212, ampea 14. Jana jioni imechaji bila kuzima. Mama watoto amegusa plagi mwenyewe saa tatu usiku.